Dakika Arobaini za Ross

Glenys Hocking alimpata mtu wake siku ya Jumanne, saa kumi na moja jioni. Mtu mwenyewe alikuwa amejimwaga kwenye kiti cha kukunja, kaptula imepanda juu ya magoti, bakuli la karanga mapajani, anawafundisha wastaafu wenzake namna ya kupunga mkono.

"Kidole kimoja ni dharau," alikuwa akisema. "Viwili ni uvivu. Mimi natoa mkono mzima! Mtu kaendesha kutwa nzima hajaona uso wa binadamu, halafu wewe unampa kidole? Acheni hizo bwana."

Wazee wakacheka. Kambi hiyo ya wasafiri iko jangwani, mashariki ya Alice Springs, karibu na pale barabara ya Plenty inapoanza kuisahau lami, na kama ilivyo ada ya watu wa karavani, vile vijumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari, jua lilipoanza kushuka kila mmoja alikuwa ametoka na kiti chake, kinywaji chake na kisahani chake cha kutafuna, wakakaa duara. Hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa. Unaweka kiti, basi, umeshakuwa mwenyeji. Glenys akaweka chake mkabala na yule bwana, akafungua bia, akamchekea. Kicheko hicho alikuwa amekifanyia mazoezi miaka miwili.

Hakumtambua kwa sura. Barabarani huko watu hawajuani kwa sura. Wanajuana kwa migongo ya karavani zao, ambako kila mtu huandika majina yake na chaneli yake ya redio ya upepo ili aliye nyuma aweze kumwita. Mgongo wa huyu ulisema MERV NA CORALIE, CHANELI 18, na juu ya maneno hayo umechorwa mkono mkubwa wa manjano, vidole vitano vimetanuka, na chini yake: TUPUNGIE NAWE! Mkono huo ndio kitu cha mwisho alichokiona Glenys siku ile kwenye barabara ya Tanami, kabla vumbi halijaufunika, mumewe Ross akiwa amelala kivulini mwa gari ameshika kifua.

Ross alikuwa amesema kifua kinambana, akasimamisha gari vizuri kabisa kando ya barabara, akavuta breki ya mkono, kisha akateremka akaanguka. Simu ilikuwa haishiki, redio walikuwa hawajafunga, na Ross alikuwa mzito mno kwake kumpandisha garini. Glenys alichukua kitambaa chekundu cha kufutia vyombo, akasimama pembeni, akapunga kwa mikono yote miwili mpaka mabega yakawaka moto. Likaja gari moja tu linalovuta karavani. Likapunguza mwendo kidogo, kama muungwana anavyofanya ili asimrushie mtu mawe. Dereva mwenye kofia pana akatabasamu, akainua mkono mzima akampungia, akaenda zake. Ross aliishi dakika arobaini baada ya hapo. Glenys anajua, maana hakuwa na kingine cha kutazama ila uso wake na saa. Lori la ranchi lilipofika, lilikuta maiti.

Kila mtu alimshauri asamehe. Binti yake Leanne alimwambia, "Mama, mwachie Mungu." Glenys akamjibu kwamba Mungu hana karavani, atamfukuzaje mtu? Yeye alikuwa ameendesha basi la shule mjini Horsham miaka thelathini na mmoja. Gari halimtishi wala barabara haimtishi. Akanunua simu ya setilaiti, akafunga karavani nyuma ya gari, na kila baridi ya kusini ilipoanza na wastaafu wa nchi nzima wakakimbilia kaskazini kama kuku waliomwagiwa mtama, naye akaenda nao. Broome, Karumba, Coober Pedy, kote huko alikuwa akizunguka kambini asubuhi na kikombe cha chai mkononi, anasoma migongo ya karavani za watu. Walidhani ni mama mpweke anayetafuta wa kuongea naye.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja, wala hakikuwa kikubwa. Alitaka Merv asimame kando ya barabara akiomba msaada, gari lipite limpungie, akae hapo dakika arobaini akijua maana ya kuachwa. Kisha aambiwe kwa nini. Akishaambiwa, Glenys angerudi Horsham akalale usingizi wa mtu mzima.

"Na wewe dada unaelekea wapi?" Merv akamuuliza akimsogezea karanga.

"Boulia. Kwa barabara hii hii ya Plenty."

"Peke yako? Hebu, hebu! Coralie, umemsikia huyu? Hatukubali. Utafuatana na sisi."

"Ufikiri vizuri, mama," akasema Wal, mzee mmoja mwenye ndevu za mbuzi. "Huyu Merv ana mdomo. Mkewe alijitia uziwi mwaka tisini na nne, mpaka leo hajapona."

"Nasikia ninachotaka," akasema Coralie bila kuinua macho kwenye sweta aliyokuwa akiifuma, na duara zima likaangua kicheko. Alikuwa mwanamke mdogo, mpishi mstaafu wa hospitali, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Glenys alijikuta amecheka naye kwelikweli, akajikaripia moyoni.

Wakapanga safari. Barabara ya vumbi ina utaratibu wake: magari hayafuatani pua kwa mkia, la sivyo wa nyuma atakula vumbi na kugonga ng'ombe asiyemwona. Wa mbele anatangulia nusu saa, na wa nyuma ndiye mkia. Mkia ana kazi moja tu, hapiti gari lililosimama. Akikuta wenzake wamekwama, wameharibikiwa, wamelala, anasimama.

"Mimi nitakuwa mkia," akasema Glenys.

"Umeona!" Merv akapiga paja. "Huyu ndiye mtu. Sasa roho yangu imetulia."

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Siku mbili Glenys alisafiri nyuma ya watu hao, na siku mbili alikula nao chungu kimoja. Coralie aliwaokea mkate kwenye chungu cha chuma kilichofukiwa makaa, wakaupaka jamu ya plamu. Merv alimkazia nati za magurudumu bila kuombwa, akamwonyesha presha ya tairi inayofaa kwa barabara yenye mawimbi ya vituta, akamsimulia maisha yake yote ya kuuza majembe na matrekta. Kila gari lililopita, na yalikuwa machache, aliinuka kitini akalipungia hata kama mdomo umejaa. Glenys alikuwa akiutazama mkono ule, mnene, wenye madoadoa ya jua. Chuki yake haikupungua hata chembe kwa kumjua mtu mwenyewe. Tuseme ukweli, iliongezeka. Afadhali angekuwa shetani. Mtu mwema aliyekuacha ufiwe unamfanya nini?

Jioni ya pili, jua bado liko juu ya miti, Merv alisinzia kitini mdomo wazi, wale wanawake wakawa wanaosha vyombo kwenye beseni. Coralie alisugua sufuria ileile muda mrefu.

"Shoga, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu."

"Sema tu."

"Mwaka juzi tulikuwa Tanami. Kulikuwa na mwanamke kando ya barabara, ana kitambaa chekundu. Nikamwambia Merv, simama, yule anaomba msaada. Merv akasema, 'Wewe nawe! Huyo anatusalimia, huoni anavyopunga?' Nikasema simama, Merv. Akasema tutachelewa kambi." Coralie akavua miwani akaifuta kwa aproni, ikazidi kuchafuka. "Nikamtazama kwenye kioo mpaka vumbi likamfunika. Alikuwa bado anapunga. Namuota, Glenys. Sijui alikuwa na nini. Labda tairi tu, eh? Labda ilikuwa tairi."

Glenys alikuwa na sahani mkononi anaikausha. Hapo ndipo angeweza kusema. Mwanamke alikuwa amejileta mwenyewe, amefungua moyo, anasubiri neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwa Glenys tangu Jumanne. Lakini kilichomwingia hakikuwa huruma. Kilichomwingia ni kwamba Merv aliambiwa. Aliambiwa mara mbili, na mke wake mwenyewe, akachagua kambi.

"Labda ilikuwa tairi," akasema, akaisugua ile sahani mpaka ikalia.

Asubuhi ya tatu Merv na Coralie waliondoka saa mbili u nusu. Glenys akawapa nusu saa yao, akanywa chai, akakunja turubai, akafuata. Barabara siku hiyo ilikuwa mbaya, mawimbi ya kutikisa meno, na alikuwa akienda polepole huku redio ikikoroma. Saa nne na dakika kumi hivi, redio ikapata sauti.

"Glenys, Glenys, hapa Merv. Springi ya karavani imekatika, tumesimama. Tafadhali harakisha, maana..."

Glenys akaizima.

Akacheka peke yake ndani ya gari, kicheko cha kutoka tumboni ambacho hakukisikia tangu Ross afe. Hakuigusa ile springi, tusimsingizie. Siku zote alikuwa anawaza vipi ataipata nafasi yake, alikuwa hata ametazama matairi ya yule bwana kwa jicho baya, na sasa barabara yenyewe imemfanyia kazi bila malipo. "Mwosha huoshwa," akakiambia kiti kitupu cha pembeni yake. "Umeona, Ross? Mwosha huoshwa."

Akawaona kwa mbali. Karavani imeinama upande mmoja kama mtu aliyeteguka nyonga. Merv alikuwa katikati ya barabara, bila kofia, anapunga kwa mikono yote miwili. Coralie haonekani, bila shaka yuko ndani, Glenys akawaza, anachemsha chai. Akapunguza mwendo, ili asimrushie mawe. Merv akasogea pembeni kumpisha asimame. Walipolingana, Glenys akageuza uso, akamchekea, akainua mkono mzima, vidole vitano, akampungia. Akaenda zake.

Kwenye kioo alimwona Merv akikimbia nyuma ya gari. Mzee wa miaka sabini na minne, magoti mabovu, anakimbia kwenye vumbi na mdomo wazi, hatua kumi, kumi na tano, kisha akainama kushika mapaja. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajakionja. Kilikuwa kitamu, Glenys alikisikia mpaka kwenye ncha za vidole, na aliomba vumbi lichelewe kidogo ili aone vizuri.

Mbele kama kilomita kumi palikuwa na uwanda mgumu. Akasimama hapo, akaifungua karavani kutoka kwenye gari, maana kuigeuza nzima njiani ni kujitafutia balaa. Akafungua kiti, akachemsha maji, akakaa na chai akiitazama saa. Alikuwa na hotuba yake. Alianza na tarehe, halafu kitambaa chekundu, halafu jina, Ross Andrew Hocking, fundi mabomba, baba wa watoto wawili, halafu dakika arobaini moja baada ya nyingine. Akaisema yote kwa sauti, nzi wakimsikiliza. Simu ya setilaiti ilikuwa ndani ya gari, imejaa chaji. Dakika ya thelathini tangu ampite Merv ilipofika, kumi zikibaki za njia ya kurudi, akamwaga masalia ya chai, akaingia kwenye gari, akarudi.

Merv hakuwapo barabarani. Glenys akazunguka karavani na maneno tayari ulimini.

Alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, upande wa kivuli, amepakata kichwa cha Coralie. Taulo lililolowa lilikuwa juu ya paji la uso wake. Nusu ya uso huo ilikuwa imelegea, shavu limeshuka, jicho moja halifungi, na mdomoni ilikuwa inatoka sauti ambayo haikuwa neno.

"Umerudi!" Merv akalia. Alikuwa analia kweli, machozi yakikata mistari kwenye vumbi la mashavu. "Nilimwambia, Coralie, atarudi tu yule. Huyu alishuka kuangalia springi, akasema mkono umekufa ganzi, mara akaanguka. Nilikwambia kwenye redio, sijui kama ulisikia."

"Redio..." akasema Glenys.

"Najua, najua, redio hizi takataka. Usijilaumu, dada. Ulidhani nakusalimia. Ni mimi mwenyewe na huu mkono wangu, nimewazoesha watu vibaya." Akamfuta Coralie mate kidevuni. "Hata mimi ningepita."

Glenys akakimbilia simu. Akabonyeza namba ya dharura. Sauti ya madaktari wa ndege, wanaowafuata wagonjwa wa huko kwa ndege, ikauliza maradhi yameanza saa ngapi, na Merv akajibu kwa kupaza sauti kutoka kule chini, saa nne na dakika tano, aliangalia saa. Sasa ilikuwa imeshapita saa tano. Sauti ikawaelekeza kwenye kiwanja cha ndege cha ranchi, mwendo wa dakika kumi na tano. Wakambeba Coralie hadi kiti cha nyuma, Merv akiwa amemshika. Glenys aliendesha kama alivyokuwa akiendesha akiwa na watoto wa shule hamsini, anakwepa kila shimo, na njia nzima alisikia ile sauti isiyokuwa neno ikijaribu na kujaribu tena.

Kiwanja kilikuwa uwazi wa udongo mwekundu na kibanda cha bati. Ndege ilipotua, nesi alimpima Coralie, akamfungia mirija, akauliza tena saa. Akatikisa kichwa.

"Mngepiga mapema kidogo," akasema. "Mlikuwa hamna simu?"

"Dada huyu anayo," Merv akadakia, "lakini usimlaumu. Alipita bila kujua. Alidhani namsalimia."

Ndani ya ndege mlikuwa na mgonjwa mwingine tayari, mchunga ng'ombe aliyevunjika nyonga, na nafasi ya Merv haikuwapo. Walimwambia atamfuata Alice Springs kwa gari. Walipokuwa wakimpakia Coralie, mkono wake ule usiopooza ulitoka chini ya blanketi ukaukamata wa Glenys. Ulikuwa na nguvu. Nesi ndiye aliyeubandua.

Ndege ikaondoka, wakabaki wawili pale penye kibanda. Merv alikuwa ameshika miwani ya mkewe yenye plasta, anaigeuzageuza.

"Mungu akubariki, Glenys. Bila wewe tungekuwa bado pale. Nitakukumbuka mpaka nife."

Hapo akaona njia mbili, wazi kabisa. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani angejua. Angempeleka Alice Springs, angemletea chai hospitalini, na Merv angempenda kama dada yake wa tumbo moja hadi kaburini, asijue lolote. Hilo ndilo lililomchoma. Asijue lolote. Miaka miwili ya kuzunguka bara zima, halafu huyu mtu amfie akimshukuru.

"Sikudhani," akasema.

"Nini?"

"Sikudhani unanisalimia. Nilijua unaomba msaada. Nilikusikia kwenye redio, nikaizima."

Merv akamtazama, bado ana nusu ya tabasamu, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Basi Glenys akaanza na tarehe. Akasema Tanami, akasema kitambaa chekundu, akasema kofia pana na mkono wa manjano. Akasema jina zima la Ross. Akasema mke wako alikuambia simama, akakuambia mara mbili. Akahesabu zile dakika arobaini, hakuruka hata moja: alipoomba maji, alipouliza kama gari limekwenda, alipoacha kuuliza. Sauti yake haikutetemeka. Hotuba ilitoka vizuri kuliko alivyowahi kuisema mbele ya nzi.

Na Merv akajua. Glenys aliona kabisa ilivyomwingia. Uso ulianguka kidogokidogo, kwanza macho, halafu kinywa, kisha akakaa kwenye ngazi ya kile kibanda. Alichokitaka amekipata, kizima, hakikupungua kitu. Akasimama akingojea kusikia moyo wake ukitulia.

Merv alikaa anausugua mkono wake wa kulia kwenye kaptula. Hakuomba radhi. Hakujitetea. Wala hakuuliza chochote kuhusu Ross. Alipoinua kichwa, alikuwa bado ameishika ile miwani.

"Na Coralie?" akauliza. "Coralie alikuwa amekukosea nini?"